Mawe Niliyoyatia Kwenye Drifti

Ninyi vijana mnaotoka Singida mjini asubuhi na kufika Kiomboi chai haijapoa kwenye chupa, huwa mnanipigia shikamoo mkiwa juu ya pikipiki, na kabla sijaitikia marahaba mmeshapotea. Siwalaumu. Lami haina kitu cha kumsimamisha mtu. Mimi nataka kuwaambia habari za barabara ya zamani, ile ya nyuma ya Iguguno, ambayo leo wanaipita mbuzi na wachoma mkaa. Niliifanyia kazi tangu mwaka wa pili au wa tatu baada ya uhuru mpaka ilipokufa. Nasema ilikufa kwa sababu niliiona ikifa, na siku zile hapakuwa na mtu mwingine wa kuiangalia.

Shule nilikaa miaka miwili, kwetu upande wa Ikungi, nikatolewa nikachunge ng'ombe. Kwa hiyo mkiniona naruka huku na huku mnivumilie, naandika kama ninavyosema.

Siku zile kila mfanyakazi wa barabara alikuwa na kipande chake. Changu kilikuwa maili sita. Nilipewa sururu, beleshi, panga, karai mbili, toroli ya gurudumu la chuma, na mfuko wa chokaa ya kupaka mawe ya maili. Nikapewa na kibanda cha bati cha mtu mmoja. Ukilala mchana kilikuwa tanuri, ukilala usiku kilikuwa mtungi. Nyapara wetu, mzee Kingu, alikuja kwa baiskeli kila baada ya wiki mbili, akakagua, akanywa uji wangu wote, akaondoka. Huyo ndiye aliyenifundisha kazi. Alisema adui wa barabara ni maji, gari linasingiziwa tu. Mvua ikinyesha, wengine wanakimbilia ndani, yeye alinitoa nje na kunitembeza kipande kizima tukilowa, ili nione maji yanataka kwenda wapi. "Usiyapinge," aliniambia. "Yachimbie mtaro kule yanakotaka, basi, umemaliza ugomvi." Hilo mlishike hata kama hamtashika sururu maisha yenu.

Gari lilipita moja kwa siku, au mawili. Siku nyingine halikupita hata moja, ukasikia tu bati likilia kwa jua. Mtu ukikaa hivyo unaanza kuvijua vioja vya barabarani kama vile mnavyowajua majirani. Palikuwa na mawe mawili makubwa, moja limekaa juu ya jingine kama kofia iliyovaliwa upande, na ukiegemea lile la chini ulihisi la juu linapumua. Palikuwa na jiwe la maili lililoandikwa Kiomboi 31, na ukitembea maili nzima kwenda mbele ulikuta jingine limeandikwa Kiomboi 31 vilevile. Nilimwonyesha Kingu nikidhani atanisifu.

"Liache," akasema.

"Lakini linadanganya, mzee."

"Liache lidanganye. Ukilisahihisha, wakubwa watakuja kuniuliza ile maili nyingine nimeipeleka wapi."

Na palikuwa na hoteli ya Ramadhani. Huyu Ramadhani alikuwa utingo wa lori. Lori lilivunjika ekseli palepale barabarani, tajiri wake akamwambia, linda mzigo, mimi nafuata spea. Mzigo wakaja wakauchukua. Tajiri hakurudi. Ramadhani akaanza kuchemsha chai asife njaa, akaezeka nyasi nyuma ya kichwa cha lori, akaweka mabenchi. Nilipomkuta alikuwa na mwaka wa sita.

"Bado nangoja spea," aliniambia akinimiminia, wala hakucheka.

Kiti cha heshima kilikuwa cha dereva, mbele ya usukani. Ukinywa kikombe kimoja ulikaa benchi. Ukinywa viwili ulikaa kwenye usukani. Honi ilikuwa ya anayenunua na maandazi. Nimewaona watu wazima, wenye kanzu na kofia, wakikata kona na lori limesimama palepale.

Sasa kioja cha nne ndicho kilichonifanya nishike kalamu. Mwendo wa nusu saa kutoka kwa Ramadhani, ukielekea Kiomboi, palikuwa na rundo la mawe kando ya barabara, limefika kifuani kwangu. Mbele yake kidogo palikuwa na drifti, yaani pale barabara inapokatiza korongo, hakuna daraja, maji yanapita juu ya mawe yaliyopangwa. Mvua za mwaka wangu wa kwanza zikabomoa nusu ya drifti ile. Kingu akaja akaiangalia, akaniambia baada ya siku tatu lori la dawa linakwenda hospitali ya Kiomboi, na likikwama hapo wagonjwa watajua jina langu.

Mawe ya kilimani yalikuwa mbali. Nikakumbuka neno la Kingu: rundo la mawe lililo kando ya barabara ni la barabara. Na ni kweli, sisi tuliyarundika hivyo, tukayaacha yakangoja kazi. Basi nikajua rundo lile limeachwa na mwenzangu aliyehama kipande kabla yangu. Nikalibeba lote kwa toroli, siku mbili na nusu, mgongo ukawaka moto. Nikapanga drifti vizuri kweli, mawe yenye ncha chini, bapa juu, nikakaza kwa kokoto za korongoni. Lori la dawa likapita bila hata kutingishika. Dereva akanipungia mkono. Mimi nikasimama pale nikajiona bwana.

Kulikuwa na kitu ambacho kingenizindua, na nilikiona, nikakiacha kipite. Rundo la mfanyakazi wa barabara lina mawe makubwa, ya kuviringishwa na watu wawili. Lile lote lilikuwa la mawe ya ukubwa mmoja, ukubwa wa jiwe analoweza kubeba mwanamke mkononi huku amejitwisha kitu kingine. Nikafurahi tu kwamba ni mepesi kubeba.

Lori lilirudi baada ya siku mbili. Nililiona likipita drifti, likapunguza mwendo, dereva akatoa kichwa akitazama porini kushoto kama aliyepoteza kitu, likaenda zake. Baadaye nikamwona mwanamke anarudi kwa miguu kutoka upande wa kwa Ramadhani, kitambaa cha hospitali jicho moja, bahasha ya dawa mkononi. Alikuwa mtu wa makamo, mrefu. Akafika penye duara jeupe la udongo ambapo rundo lilikuwa, akasimama.

"Shikamoo mama. Pole na safari."

Hakuitikia. "Mawe yako wapi?"

"Yako kwenye drifti, mama. Umepita juu yake na lori sasa hivi, hukuona ilivyokaa?"

Akakaa chini, katikati ya lile duara, na nge walikuwa bado wanatembeatembea humo. Akanitazama kwa lile jicho moja.

"Wewe Mnyaturu," akasema polepole, "mume wangu atajuaje pa kushukia?"

Sikuelewa. Akanyoosha kidole kule lilikokwenda lori. "Dereva yule amenishusha hapa mara ngapi, sihesabu. Leo amenipitiliza mpaka kwa Ramadhani, kwa sababu hakuona mawe. Huyo ni mtu wa njia hii. Je, aliyeondoka miaka kumi?"

Na kweli, nyumba yake ilikuwa ndani, nyuma ya kichaka, na kichaka hicho kilifanana na vingine vyote kutoka hapo mpaka mwisho wa macho.

Jina lake lilikuwa Raheli. Mumewe, Shila, alikwenda Tanga kukata mkonge. Walikwenda wengi, Wanyiramba na sisi Wanyaturu, waliitwa manamba. Watu wa pale walikuwa na desturi: anayeondoka anaokota jiwe, analitemea mate, analiweka pale njia ya kwao inapotokea barabarani, ili safari ijue kwamba mtu huyu ana kwao. Shila aliweka lake akapanda lori. Raheli akawa anatoka kila akisikia gari linatoka upande wa Singida. Likipita bila kumshusha mtu wake, anaweka jiwe, anarudi nyumbani. Hakuwa akihesabu. Aliniambia mikono ilitaka kitu cha kufanya kabla ya kugeuka. Wapita njia nao wakawa wanaongeza ya kwao.

Nilikimbia nikachukua sururu, nikashuka kwenye drifti, nikang'oa jiwe la kwanza. Nilikuwa nalia, nawaambia ukweli. Akanifuata mpaka ukingoni.

"Rudisha hilo jiwe," akasema.

"Mama, yote nitayarudisha."

"Na wagonjwa watapita wapi? Rudisha. Umeshakuwa mjinga mara moja, inatosha."

Nilikwenda kwa Ramadhani nimejaa hasira. Kwa nini hakuniambia?

"Uliniuliza?" akasema. "Mtu akija kwangu akakuta lori, je, analibeba tu kwa sababu halina dereva?"

Nikamwomba Raheli aanze upya. Akasema hana tena mikono ya kuanza. Nikamwambia basi nitaanza mimi. Akacheka kidogo, kicheko cha kunidharau, akaingia ndani.

Nikaanza. Kila gari lililotoka Singida likapita bila kumshusha Shila, niliweka jiwe. Kwanza nilikuwa nalipa kosa. Baadaye, sijui lini, ikawa ni kazi yangu kama mtaro. Nikisikia injini mbali nasimama na beleshi langu, natazama nani anashuka. Hashuki mtu. Naweka jiwe. Na kwa kuwa rundo lilikuwa bado fupi na nyasi ni ndefu, nikalipaka chokaa ya serikali ili lionekane.

Kingu alipokuja akashuka kwenye baiskeli kabla haijasimama.

"Hii ni maili ya ngapi, Mpondo?"

"Si maili, mzee. Ni ya yule mama."

"Chokaa ni ya mama gani?"

Nikamweleza yote. Akazunguka rundo mara mbili kama anakagua kalavati. Kisha akasema, "Pembe hii hujapaka," akapanda baiskeli yake.

Watu wakaanza kusimama. Wakapaita Mawe Meupe. Wengine walisema ni kaburi la mtemi. Ramadhani yeye aliwaambia wageni kwamba ni kaburi la lori, na kwamba lake litazikwa hapo siku yake ikifika. Walimu wawili walipiga picha wameegemea, chokaa ikawashika migongoni, wakaenda nayo. Raheli alisikia honi zikipigwa pale, akatoka kutazama, na siku moja nilimwona ameokota jiwe lililoporomoka na kulirudisha mahali pake. Jumapili iliyofuata, akitoka kanisani, akaniletea ugali wa uwele na mlenda kwenye bakuli lililofunikwa kwa kitambaa.

"Kula, Mnyaturu. Umekonda, watasema Wanyiramba wamekuroga."

"Mmeshaniroga, mama. Mtu mzima nahesabu magari."

Ikawa kila Jumapili. Niseme na hili, maana nimeahidi ukweli ingawa sijaahidi popote. Nilikuwa na mke huko kwetu. Nilikwenda mwisho wa mwezi, nikapumzika siku mbili, nikarudi barabarani. Safari moja nikakuta amehamia kwa mtu mwenye ng'ombe. Hakunitukana. Aliniambia, "Wewe umeoa barabara." Nikarudi kwenye kibanda changu, na tangu hapo hapakuwa na mtu duniani aliyetaka kujua gari gani litanishusha wapi. Bakuli la Jumapili lilikuwa ndilo neno langu la wiki.

Miaka ikaenda. Ikaja operesheni ya vijiji. Sitawapa hotuba, wengine mmesoma shuleni. Kwetu ilikuja hivi: walisema watu wote wa porini wahamie kijiji kipya, kando ya barabara mpya, mwendo wa saa tatu kwa miguu, ambako kutakuwa na bomba, zahanati na mashine ya kusaga. Barabara ya zamani haitatengenezwa tena. Mgambo waliokuja kuezua nyumba ya Raheli walikuwa vijana wa palepale, mmoja akimwita shangazi.

"Shangazi, tusaidie, toka kwa hiari."

"Mimi sikatai kuhama," akawaambia. "Wote mkihama nitakaa na nani? Nauliza kitu kimoja. Nani atabaki hapa amwambie?"

Vijana wakaendelea kushusha nguzo.

Nikaja na kipande cha bati na lami. Nikasema niandike kwamba amehamia kijijini. Raheli akauliza, "Wewe unajua kuandika?" Nikasema kidogo. Akasema, "Na Shila hajui kusoma hata kidogo. Mtaandikiana nini?"

Ndipo akaingia ndani ya nyumba isiyo na paa, akatoka akiliviringisha jiwe lake la kusagia. Shila ndiye aliyelichonga walipooana, alilitoboatoboa kwa patasi mistari ya mshazari, kinyume na wanavyochonga wengine, kwa sababu alikuwa mtu wa mkono wa kushoto. "Hili atalijua," akasema. "Liweke juu, ulielekeze upande wa kijiji. Akilikuta nje juani atajua sijafa, nimehama tu. Mwanamke akifa, jiwe lake halitolewi nje hivi."

Nikalipandisha. Nikalielekeza. Na yeye akaenda kijijini bila jiwe la kusagia. Mashine ya kijiji ilikuwa inakuja, mwaka huu inakuja, mwaka ujao inakuja. Miaka yote hiyo Raheli alisaga kwenye jiwe la jirani, baada ya jirani kumaliza, na huyo jirani hakukosa kumkumbusha.

Ramadhani alifunga hoteli wiki ileile. Aling'oa usukani akauvaa begani kama mkoba, akaniambia, "Wakileta spea, waambie nimechoka." Mimi nikahamishiwa barabara mpya, kambi yangu ikawa jirani na kijiji. Kila nilipopata siku ya mapumziko nilikwenda kule, saa tatu kwenda na saa tatu kurudi. Nyasi ziliota katikati ya barabara, mitaro yangu ikajaa mchanga. Magari hayakuwepo ya kuhesabu, kwa hiyo niliweka jiwe moja kwa kila mara niliyofika. Nilipangusa jiwe la kusagia, nikahakikisha halijageuzwa na mbuzi. Nikirudi, Raheli aliniuliza kwa macho tu, nami nikatikisa kichwa, akanipa bakuli.

Shila alirudi siku ya Jumanne.

Alikuja na basi, kwa barabara mpya. Kondakta alitaja jina la kijiji, Shila akashuka penye bomba, akawauliza wanawake waliokuwa wakichota maji kama wanamjua Raheli mke wa Shila, wakamwonyesha mlango. Basi. Ilimchukua muda wa kujaza ndoo moja.

Niliposikia nilitupa beleshi nikakimbia. Nikamkuta amekaa kwenye kigoda, mzee mdogo aliyekauka, anakohoa kikohozi cha vumbi la mkonge, mguu mmoja umepinda. Raheli alikuwa jikoni anasonga ugali, ametugeuzia mgongo. Nikamwamkia, nikashindwa kungoja.

"Baba, ulipita kwenye mawe?"

"Mawe gani?" akasema.

"Mawe ya kule kwenu kwa zamani. Lile uliloweka ulipoondoka. Rundo."

Akafikiri. Alifikiri kwa haki, hakuwa mtu mbaya. "Niliweka jiwe?" akamwuliza mkewe. "Mimi?"

Nikawa nataka kumweleza yote, tangu drifti. Mwiko ukasimama kwenye chungu. Raheli akageuka, akanitazama kwa jicho lile moja lililobaki zima, akatikisa kichwa polepole, mara moja. Nikafunga mdomo.

"Watu wote waliweka mawe," akamwambia mumewe. "Kula."

Aliponisindikiza mpaka kwenye ua, akanishika mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Mpondo, jiwe langu la kusagia. Uniletee." Kisha akasema, "Na baada ya hapo usiende tena kule. Sawa, mwanangu? Imekwisha."

Nikaenda na toroli kesho yake. Nikalishusha jiwe, nikalifunga kwa kamba. Nilipokwisha nikakaa pale chini ya Mawe Meupe, ambayo wakati huo yalikuwa na ukungu na mavi ya ndege, nikasikiliza. Hapakuwa na injini popote. Nikaona kwamba rundo lililofika kifuani lilikuwa la Raheli, nami nikalimwaga korongoni. Hili jipya lilikuwa limenipita kichwa, na lote lilikuwa la mikono yangu. Yeye mtu wake alikuwa amefika. Mimi sikuwa nimewahi kumngoja mtu wangu, nilikuwa namngoja wake.

Niliokota jiwe, nikaliweka, nikasukuma toroli.

Bakuli la Jumapili liliendelea kidogo, kisha nikaacha kwenda mwenyewe. Mtu na mkewe wana mengi ya kuzungumza baada ya miaka yote ile, ingawa nikipita nje sikuwasikia wakizungumza. Nilisikia jiwe likisaga. Sasa wote wawili wako makaburini, na Kingu, na Ramadhani sijui alifia wapi na usukani wake.

Raheli sikumtii. Niliendelea kwenda kule kwenye mawe mpaka magoti yalipogoma.

Basi vijana, siku mkichoka na lami, geuzeni pikipiki kule nyuma ya Iguguno. Jiwe la kofia lipo. Yale mawe mawili ya 31 yapo, bado yanadanganya. Kichwa cha lori walishakiuza chuma chakavu. Na rundo langu mtaliona, chokaa imebaki kwenye mikunjo tu. Nasikia kuna watu wanatafuta mawe ya kujengea msingi, na wameshaanza kuliangalia. Sitawazuia, mawe ni ya kazi, na drifti yangu imewapitisha wagonjwa wengi. Ila kabla hamjabeba la kwanza, fanyeni nisilofanya mimi. Ingieni kichakani, pigeni hodi, ulizeni mwenyewe yuko wapi.

Hamtakuta mtu. Basi njooni hapa kwangu, kambi ya zamani ya barabara, mlango wa bati unaotazama njia. Huwa nakaa nje. Nikisikia pikipiki inapunguza mwendo, nasimama.